Hatari ya kufunga tairi la gari kwenye pikipiki
BAADHI ya waendeshaji wa pikipiki kubwa za safari ndefu nchini Marekani, hasa Honda Gold Wing, hufunga tairi la gari nyuma. Sababu yao ni kwamba hudumu zaidi na aghalabu ni nafuu.

Hata hivyo, watengenezaji wa matairi hupinga zoea hilo. Pikipiki hulala inapokata kona, ndiposa uso wa tairi lake umepinda. Wa tairi la gari ni bapa. Pikipiki ikilala hutegemea ukingo, na kuielekeza huwa kuzito.

Isitoshe, tairi hilo halikuundiwa ringi ya pikipiki. Likijazwa upepo kupita kiasi ili likae, laweza kupasuka na kumjeruhi fundi. Anayeokoa fedha hivyo huweka maisha rehani.