Punda Mwenye Shanga: Ni Mapenzi au Mateso?

Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii sote tumeikariri shuleni, tukaiandika katika insha na kupata maksi zetu. Lakini je, mpenzi msomaji, umewahi kukaa chini ukajiuliza punda mwenyewe angesema nini lau angepewa nafasi ya kujibu?

Hebu tusafiri pamoja kwa fikra hadi kisiwa cha Ndau. Ukitoka Lamu mjini kwa boti, utapita mkondo wa Mkanda, utaambaa na kisiwa cha Pate mpaka uiache Faza nyuma, na kabla hujafika Kiwayu utakuwa umefika Ndau. Wenyeji wake ni Wabajuni, watu wa bahari na nyavu. Huku visiwani si mahali pa kusimama kando ya njia ukingoje matatu. Mwenye maji, kuni au mawe ya kujengea humwita punda.

Tuseme umefika siku ya arusi. Mtoto wa miaka kumi hivi anapita na punda wa baba yake. Amempaka hina kwenye paji la uso, amemvisha shanga shingoni, amemfunga utepe mwekundu mkiani na njuga mbili kifuani. Wewe uliyetoka Nairobi au Mombasa unasimama. Mwenzako anacheka na kusema punda amependeza kuliko bwana arusi. Mwingine ananuna na kusema huo ni ukatili, kwani punda hakuomba kupambwa. Nani kati yao ana haki?

Kabla hujajibu, kumbuka kuwa swali hili si la Ndau peke yake. Mwaka 2009, bustani moja ya wanyama huko Gaza ilipaka punda wawili weupe milia myeusi kwa rangi ya nywele ili watoto wapate kuona pundamilia, maana kuwaleta pundamilia wa kweli kulikuwa ghali mno. Na mwezi Desemba 2021, katika tamasha kubwa la ngamia nchini Saudi Arabia, ngamia zaidi ya 40 waliondolewa kwenye mashindano ya urembo. Wenyewe walikuwa wamewadunga sindano na kuwavuta midomo ili waonekane wazuri zaidi mbele ya waamuzi.

Umeona tofauti hapo? Ngamia yule angefungwa kitambaa cha sufi chenye nakshi kama wafanyavyo watu wa Omani, asingepungukiwa na kitu. Lakini sindano ya mdomo ni jambo jingine. Kwa hiyo kosa si pambo lenyewe. Swali la kuuliza ni hili: pambo hili analilipia nani? Likimgharimu binadamu shilingi chache za shanga, hilo ni pambo. Likimgharimu mnyama ngozi yake, usingizi wake au pumzi yake, basi ni mateso yaliyovishwa nguo nzuri.

Turudi kwa punda wetu wa Ndau tumkague. Hina ya majani iliyokorogwa kwa maji haitamdhuru, nayo itafifia yenyewe. Lakini rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango na mashua, ni sumu. Haitoki bila mafuta ya taa, na mafuta ya taa nayo huunguza ngozi. Shanga zilizolegea si kitu. Kamba iliyofungwa punda akiwa mdogo na kusahauliwa hukata nyama kadiri shingo inavyonenepa. Utepe wa nailoni ukianguka, punda ataula, na visiwani hili si jambo geni. Plastiki ikimkwama tumboni humsokota mpaka kumwua. Njuga nazo si mbaya kwa saa moja ya shangwe, lakini masikio yale marefu ndiyo macho yake ya pili. Usimfungie kelele mchana na usiku.

Kuna pambo jingine ambalo wengi hawaliiti pambo, nalo ni chapa ya moto. Mwenye punda hutaka mali yake ijulikane, basi huchoma herufi mwilini mwa mnyama, au humkata ncha ya sikio. Visiwani karibu kila mtu ni Mwislamu, na katika hadithi zilizopokewa na Imam Muslim imo habari ya Mtume (SAW) kumwona punda aliyetiwa chapa usoni, naye akamlaani aliyefanya hivyo. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa huruma kwa punda ni jambo lililoletwa na watalii.

Sheria ya Kenya nayo ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumtia hofu na kumbebesha kupita kiasi. Shanga si kosa katika orodha hiyo, lakini maumivu ni kosa, hata kama yamekuja na shanga.

Na hapa ndipo penye hatari kubwa, msomaji. Punda ni mnyama mvumilivu. Hapigi kelele akiumwa kama afanyavyo mbwa. Donda la mgongoni, linaloletwa na shogi iliyokaa vibaya au kamba iliyochakaa, hujificha chini ya matandiko. Mtandike kitambaa cha kumetameta juu yake, na wageni watapiga picha na kusifu, huku funza wakila nyama chini. Mwenye hasara ya mwisho ni nani? Ni familia ile ile, kwani punda akilala, maji hayaji na chakula hakinunuliwi.

Ndiyo maana napenda mfano wa Lamu mjini. Tangu mwaka 1987, shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa na Bi. Elisabeth Svendsen, limekuwa na kituo cha kutibu punda bila malipo. Pamekuwapo pia na mashindano ambayo mshindi si punda mwenye mapambo mengi, bali punda aliyetunzwa vizuri kuliko wenzake. Hapo waamuzi hutazama ngozi, kwato na mgongo.

Basi wazazi na wanafunzi, msimkaripie yule mtoto wa Ndau. Aliyempamba punda wake siku ya furaha amemhesabu kuwa mmoja wa nyumba, na hilo ni jambo jema kuliko fimbo. Mfundisheni mambo matatu tu: afunge kwa kulegeza, avue kabla ya jua kutua, na kila akivua apitishe kiganja mgongoni mwa punda kuona kama anashtuka.

Akishtuka, shanga ziwekwe kabatini na dawa iletwe. Na mzigo? Mzigo ungoje.