Uchafu wa pamba asilimia 2: umepimwa kwa mashine gani?

Mkulima wa Mpeketoni, Hindi au Witu anapofikisha pamba kwa mnunuzi, uchafu hupimwa kwa macho. Pamba ikishachambuliwa na kufungwa marobota, takataka zilizobaki ndani ya nyuzi hupimwa kwa mashine, na matokeo huingia kwenye bei. Ila mashine hizo hazipimi kitu kimoja.

Shirley Analyser, iliyotoka Uingereza, hutumia uzito. Sampuli ya gramu 100 hupita kwenye rola yenye meno. Hewa huchukua nyuzi, na vipande vya majani, maganda na mchanga hudondoka chini. Takataka zikiwa gramu 2, uchafu ni asilimia 2. Kazi yake ni ya polepole, lakini penye ubishi wa uzito, jibu lake ndilo rahisi zaidi kulielewa.

HVI ni ya haraka, ndiyo maana hupendwa panapopimwa marobota mengi. Pamba hukandamizwa kwenye kioo, kisha kamera huhesabu madoa meusi na eneo yanalofunika. Hapa asilimia ni ya eneo, si ya uzito, na kamera huona upande wa juu tu. Kipande cha jani jembamba huonekana kikubwa kuliko chembe ya mchanga iliyo nzito zaidi. Kwa hiyo tarakimu ya HVI haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya Shirley. Anayesomewa asilimia aulize kwanza imetoka mashine gani.

AFIS hutumia nusu gramu tu ya pamba na kuhesabu chembe kwa kila gramu. Zilizo chini ya nusu milimita huitwa vumbi. Kipimo hiki humfaa zaidi msokotaji uzi, lakini sampuli ikiwa ndogo hivyo, lazima ipimwe mara kadhaa.

Kuna uchafu ambao Shirley na kamera ya HVI huweza kuukosa: nyuzi za magunia ya plastiki. Ni nyepesi, hivyo huweza kupeperuka pamoja na pamba, na zikiwa nyeupe kamera haizitofautishi. Hugunduliwa nguo ikishatiwa rangi, kwa kuwa zenyewe hazishiki rangi. Wakulima wanashauriwa kuvunia na kuhifadhi pamba kwenye magunia ya kitambaa cha pamba, na kuyashona kwa uzi wa pamba.