Kibali cha Maadili ya Utafiti (Sehemu ya Pili): Kazi Inayoanza Baada ya Muhuri

Wiki iliyopita tulilifuata andiko la utafiti kutoka mezani kwa mwanafunzi na msimamizi wake hadi mbele ya kamati ya maadili, tukaona kamati hutafuta nini humo: ni watu gani watashirikishwa, wataelezwa nini, wanaweza kupata madhara gani, na habari zao zitahifadhiwa wapi. Tuliishia pale cheti kinapotoka. Watafiti wengi nao huishia hapo. Nambari ya kibali huandikwa katika sura ya mbinu za utafiti, nakala ya cheti hupachikwa kwenye viambatisho, na suala zima huhesabiwa limekwisha. Nitakachojaribu kuonyesha leo ni kwamba cheti kikishatoka ndipo kibali kinapoanza kazi. Tukiyachunguza madhara makubwa yaliyowapata watu mikononi mwa watafiti, tunakuta mengi yalitokea utafiti ukiwa njiani, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiuliza tena.

Ukikisoma cheti chenyewe utaona kinasema hivyohivyo. Vyeti vya utafiti wa afya vinavyotolewa Tanzania kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, vimekuwa vikibeba masharti yaliyochapwa waziwazi: kibali ni cha mwaka mmoja, taarifa ya maendeleo ipelekwe kila baada ya miezi sita, ruhusa iombwe kabla ya kuchapisha matokeo, na anayekiuka anakumbushwa adhabu iliyomo katika sheria ya mwaka 1979 iliyoianzisha taasisi hiyo. Nchini Kenya, leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi na teknolojia ya 2013, hufungwa kwa utafiti uliotajwa, mahali palipotajwa na muda uliotajwa, na haihamishwi kwa mtu mwingine. Masharti haya yote yanahusu siku zijazo. Hakuna hata moja ambalo mtafiti anaweza kulitimiza siku anapopokea karatasi.

Tofauti moja inafaa iwekwe wazi mapema, maana huwapoteza wengi. Mwanafunzi wa Tanzania anayekwenda kukusanya data hubeba barua ya chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, akateremshwa wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, mwishowe kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Safari hii huchosha, na kila kituo kina muhuri wake. Si ajabu mtu akifika kijijini akajiona amebeba ruhusa zote za dunia. Lakini barua hizo zinahusu mahali. Mwenyekiti anaweza kukuruhusu uingie kijijini kwake; hana uwezo wa kukuruhusu uingie katika maisha ya mtu. Kibali cha maadili kinamhusu mtu huyo wa mwisho, anayekaa mbele yako na dodoso lako, na kwa sababu hali yake hubadilika kila siku, kibali nacho hakiwezi kuwa jambo la siku moja.

Yaliyotokea Kano, kaskazini mwa Nigeria, yanaonyesha vizuri jinsi karatasi inavyoweza kugeuzwa kuwa kinyume cha lengo lake. Mwaka 1996 mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulikuwa ukiua watoto, na kampuni ya Pfizer ikaenda kujaribu dawa yake mpya, Trovan. Watoto wapatao 200 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu wakapewa seftriaksoni iliyokwisha kuzoeleka. Walifariki 11, watano katika kundi la kwanza na sita katika la pili, na wengine wakabaki na ulemavu. Kama chanzo kilikuwa dawa au ugonjwa, watu wamebishana kwa miaka. Kilicho muhimu kwetu ni barua ya kamati ya maadili yenye tarehe ya Machi 1996. Gazeti la Washington Post liliripoti baadaye kwamba barua hiyo iliandikwa muda mrefu baada ya jaribio, na kwamba siku iliyotajwa humo hospitali haikuwa hata na kamati ya maadili. Kampuni ilikana kutenda kosa, na mwaka 2009 ikakubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Kibali hakirudi nyuma. Mtafiti aliyekusanya data kabla ya kupata kibali, au baada ya kibali kuisha muda, hawezi kupata barua ya kumtakasa. Akiipata, hiyo ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Ndiyo maana maombi ya kuongeza muda hupelekwa kabla ya tarehe ya mwisho, na kama jibu limechelewa, kazi husimama.

Mtu anaweza kuuliza: kama andiko lilipimwa vizuri mwanzoni, kurudia kulipima kuna faida gani? Jibu ni kwamba dunia haisimami kumsubiri mtafiti. Mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600 wa eneo la Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyoendelea bila tiba. Ulikuwa utafiti mbovu tangu siku ya kwanza, maana wanaume hao walidanganywa kwamba wanatibiwa. Ila ubaya wake uliongezeka mara nyingi katikati ya miaka ya 1940, penisilini ilipothibitika kuwa tiba nao wakaendelea kunyimwa. Mwaka 1969 jopo la wataalamu liliitishwa kuamua kama kazi iendelee, likaamua iendelee. Kwa hiyo mapitio yalifanyika, na hili ndilo linalonifanya nisiridhike na wanaodhani kwamba kujaza fomu ya mwaka kunatosha. Jopo lile lilipima thamani ya data. Halikumrudia mshiriki kumwambia kwamba mambo yamebadilika ili achague upya. Utafiti ulikoma 1972, baada ya habari kufika magazetini.

Habari mpya, basi, ndiyo kiini cha kulinda kibali, na aliye nayo kwanza ni mtafiti, si kamati. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1999, kijana wa miaka 18 alifariki katika jaribio la tiba ya jeni. Hakuwa mahututi, alikuwa na aina nyepesi ya ugonjwa wa ini, akajitolea kwa ajili ya wengine. Wakaguzi walikuta kwamba madhara yaliyowapata washiriki waliomtangulia hayakuripotiwa inavyotakiwa, kwamba siku hiyo kiwango cha amonia katika damu yake kilizidi kikomo kilichoandikwa kwenye itifaki, na kwamba fomu ya ridhaa haikutaja nyani waliokufa katika majaribio ya awali. Jaribio lilikuwa na kibali. Kilichokosekana ni ile kazi ya kuchosha ya kuripoti kila tukio baya mapema, na nidhamu ya kusimama pale itifaki inaposema simama.

Mfano wa upande mwingine tunao karibu. Utafiti wa Petra, uliofanyika Dar es Salaam, Kampala na Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ulijaribu kozi fupi za dawa za kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kundi moja la akina mama lilikuwa likipewa vidonge visivyo na dawa. Kama kundi hilo lilistahili kuwepo, wakati ilikwisha kujulikana tangu 1994 kwamba kozi ndefu ya dawa ya AZT hupunguza maambukizi, ni swali lililowagawa wanasayansi vikali mwaka 1997, nami niko upande wa waliolitilia shaka. Hata hivyo, matokeo ya jaribio la Thailand yalipotoka mapema 1998 na kuonyesha kwamba hata kozi fupi inasaidia, kundi la vidonge vitupu lilifungwa. Andiko lilikuwa lilelile lililopitishwa. Kilichobadilika ni ujuzi, na utafiti ukaufuata.

Mabadiliko hayatoki nje tu. Mara nyingi huanzia kwa mtafiti mwenyewe, naye huyaona madogo: kuongeza swali moja kwenye dodoso, kuongeza kata moja, kushusha umri wa washiriki kutoka miaka 18 hadi 15, kurekodi sauti badala ya kuandika, kutumia damu iliyobaki kwenye friji kwa swali jingine. Kila moja linahitaji ombi la marekebisho, na halianzi kutumika mpaka kamati ikubali, isipokuwa pale ambapo kusubiri kungemhatarisha mshiriki. Watu wa kabila la Havasupai, wanaoishi katika bonde la Grand Canyon, walitoa damu kuanzia 1990 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakitarajia majibu kuhusu kisukari. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo akagundua kwamba damu ya watu wake ilikuwa inatumika kwa maswali mengine kabisa, yakiwemo ya skizofrenia na ya asili ya kabila lao. Watafiti walikuwa na utetezi ambao si wa kupuuza: fomu ya ridhaa iliandikwa kwa upana, ikitaja magonjwa ya mwili na ya tabia. Ndivyo fomu pana inavyofanya kazi, humlinda aliyeiandika. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 na kurudisha sampuli.

Hapa wenzangu wa sayansi za jamii husema: hayo ni ya madaktari, sisi tunauliza maswali tu, na swali halina sindano. Wangetazama utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili dhidi ya wanawake majumbani, ambao matokeo yake yalichapishwa 2005 na ambao kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Hakuna tone la damu lililochukuliwa. Lakini mwongozo wake ulitambua kwamba mume akijua mkewe ameulizwa nini, mwanamke anaweza kupigwa usiku huohuo. Kwa hiyo katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu, faraghani, na utafiti ukatambulishwa kuwa wa afya na maisha ya wanawake. Mhoji alifundishwa kubadili mazungumzo mara mtu mwingine anapoingia. Kamati iliyoketi mjini haiwezi kuona mlango unapofunguliwa. Ilichoweza ni kudai kwamba mhoji awe tayari, na utekelezaji wa dai hilo ulikuwa mikononi mwa mhoji, nyumba baada ya nyumba.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba ridhaa ya mtu mmojammoja ni desturi ya kigeni. Kwetu mkubwa wa kaya au kijiji akikubali, inatosha. Sioni kama wazee wapuuzwe. Kuwaendea kwanza ni adabu, na pia ni ulinzi, kwa kuwa wao huuliza maswali ambayo kijana mbele ya mtu wa chuo ataona haya kuyauliza. Lakini idhini yao haichukui nafasi ya neno la mshiriki, hasa pale ambapo mkubwa huyo ndiye anayeulizwa habari zake. Ushahidi kutoka Kilifi, pwani ya Kenya, unanielekeza mbali zaidi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walipochunguza huko ridhaa yenyewe, walikuta wazazi wengi waliokwisha kutia saini hawakutofautisha utafiti na matibabu ya kawaida ya hospitali. Saini zilikuwepo, uelewa haukuwepo. Hatua iliyofuata ilikuwa kujenga mazungumzo ya kudumu na jamii, pamoja na wawakilishi waliochaguliwa na wakazi. Ridhaa, kumbe, huulizwa tena kila mara mtafiti anaporudi, na jibu linaweza kugeuka kuwa hapana.

Kuhusu ucheleweshaji wa vibali, wanaoulalamikia wana haki kubwa. Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja wa masomo hawezi kusubiri miezi kwa dodoso la walimu kuhusu vitabu vya kiada, wala haieleweki kwa nini andiko hilo lipite njia ileile ya jaribio la chanjo. Dawa yake ipo: mapitio ya haraka kwa utafiti wenye hatari ndogo, yafanywe na wajumbe wawili watatu bila kungoja kikao. Lakini ugoigoi wa kamati mlangoni unaficha kasoro ninayoiona kubwa zaidi, yaani ukimya wake baada ya mlango. Kamati inayorudisha andiko mara tatu kwa ajili ya koma kwenye fomu, halafu isiulize hata mara moja yaliyotokea uwandani, imeweka nguvu zake mahali rahisi. Ningekuwa na uwezo wa kugawa upya ada wanazotozwa watafiti, sehemu yake ingelipa nauli ya mtu wa kwenda kuzungumza na washiriki wachache wa kila utafiti wenye hatari.

Mwisho wa utafiti nao huripotiwa. Kamati hutaka taarifa ya kufunga: waliingizwa wangapi, waliojitoa ni wangapi na kwa nini, data ziko wapi, na matokeo yamerudishwaje kwa waliozitoa. Suala la data sasa lina sheria nyuma yake, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha inayounganisha majina na nambari za siri ihifadhiwe mbali na madodoso, na sauti zilizorekodiwa kwenye simu za watafiti wasaidizi zifutwe humo mara zinapohamishwa, maana msaidizi ataondoka na simu yake siku mkataba unapoisha. Muda wa kibali huisha. Wajibu juu ya rekodi hizo hubaki hadi zitakapoharibiwa kwa namna iliyoahidiwa kwenye andiko. Sampuli na data zinapovuka mpaka kwenda maabara na kompyuta za nchi nyingine, mikataba mingine inahitajika, na hiyo ndiyo itakayokuwa kazi ya sehemu ya tatu.