Ndege za Kisumu Zilikwenda Wapi?

Bila shaka umewahi kuwaona watoto wa Kakamega wakiunda ndege kwa mabua ya mahindi na vipande vya waya. Wengi wetu hupita tu tukisema ni michezo ya kitoto. Lakini je, wajua kwamba kuna ndege zilizotua karibu na mji huu ambazo leo haijabaki hata moja nzima popote duniani, ila picha na mifano midogo kama hiyo?

Dhahabu na barua

Habari yenyewe yaanza mwaka wa 1931. Ndio mwaka ambao Mmarekani L. A. Johnson aligundua dhahabu Kakamega, na watu wakamiminika kuitafuta. Jina la mgodi wa Rosterman lingali midomoni mwa wenyeji. Mwaka huo huo, kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Kakamega. Barua iliyokawia majuma kadhaa melini sasa ilifika kwa siku 10 hivi.

Ndege hizo zilikuwa na tumbo kama la mashua, nazo zilitua juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kuanzia 1937 zikaja kubwa zaidi, aina ya Short Empire, zenye injini nne na mabawa ya karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha.

Moja iliitwa Corsair. Mnamo Machi 1939 ilipotea njia, ikatua mtoni karibu na Faradje, nchini Kongo, na kuharibika. Mafundi waliitengeneza, lakini maji ya mto hayakutosha kuirusha. Ikabidi mto uzibwe kwa ukuta ili kina kiongezeke, na Januari 1940 Corsair ikapaa tena.

Zikaishia kuwa chuma chakavu

Ndege 42 za jamii hiyo ziliundwa. Baadhi ziliangamia katika ajali na vitani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, zilizosalia, Corsair ikiwemo, zilivunjwavunjwa. Ndege mpya zilikuwa zimeingia, na nani angetaka kulipia hifadhi ya ndege kuukuu?

Yaliyopotea hurudishwa kwa gharama. Huko Foynes, nchini Ireland, ndege kubwa za majini aina ya Boeing 314 zilitua zamani. Nazo hakuna iliyosalia, hivyo jumba la makumbusho la huko lililazimika kuunda mfano wa ukubwa kamili ili wageni waone ilivyokuwa.

Anzia mezani nyumbani

Wewe na watoto wako mwaweza kuanza kwa gharama ndogo. Tafuteni picha ya ndege ikionyesha ubavu, juu na mbele. Kisha chagueni kipimo. Waundaji wengi hutumia 1 kwa 72, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Kwa kipimo hicho, mabawa ya Short Empire yatakuwa sentimita 48 hivi, zaidi ya rula moja na nusu ya shule. Kadibodi, gundi, wembe na msasa vyatosha, ila wembe ushikwe na mtu mzima. Mwanafunzi atajifunza hesabu za uwiano bila kulazimishwa.

Jambo la pili ni masanduku ya babu na nyanya. Ukikuta bahasha ya miaka ya 1930, usibandue stempu! Ni mhuri wa posta, ukiwa mahali pake, unaoeleza barua ilipita wapi na tarehe gani. Ukikuta picha ya zamani, andika nyuma yake kwa penseli majina, mahali na mwaka, angali yupo wa kukueleza. Kisha waonyeshe wataalamu wa Makumbusho ya Kisumu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege za Kisumu zimekwisha kupotea. Habari zake bado zaweza kuokolewa, na huenda sehemu moja imo katika sanduku lililo chini ya kitanda chenu.