Santuri za taarabu zataka priampu kabla ya spika mpya

Hapa Kiriaini, Murang'a, majirani wangu hutunza santuri za Joseph Kamaru, mwana wa Kangema. Mimi nimekuja na zangu za taarabu, za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons, Mombasa. Ndugu zangu wa Pwani, sauti ikitoka ndogo, nyembamba, bila besi, msikimbilie spika. Mara nyingi kinachokosekana ni priampu.

Kichwa cha sindano cha aina ya MM hutoa takriban milivolti 5 tu. Amplifaya hutaka mamia. Tena, santuri ikikatwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Priampu huvirudisha vyote mahali pake kwa kipimo cha RIAA, kilichoenea tangu 1954.

Kwanza tazama nyuma ya amplifaya. Ukiona tundu la PHONO, unayo tayari. Mashine nyingine za santuri zinayo ndani. Usitumie mbili kwa pamoja, sauti itakwaruza.

Ukinunua, MM yataka desibeli 40 na kiloomu 47. MC yataka kama desibeli 60. Funga waya wa athi, mvumo upungue. Hela ya spika ingoje.