Siku mbili Venice: Anayelala mjini ndiye anayeuona

VENICE, mji wa kale ulioko kaskazini mashariki mwa Italia, hupokea mamilioni ya wageni kila mwaka. Wengi wao huingia asubuhi na kuondoka jioni, na kumbukumbu wanayobaki nayo ni foleni, msongamano na bei ya vinywaji.

Kwa msafiri mwenye siku mbili tu za mwisho wa wiki, hilo ndilo jambo la kwanza la kuepuka. Siku mbili zinatosha kuufahamu mji huo, ilimradi alale humo na achague mambo machache ya kuona.

Venice imejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400. Hakuna magari. Watu hutembea kwa miguu katika vichochoro vinavyoweza kumkumbusha mgeni wa Afrika Mashariki mitaa ya Lamu, au husafiri kwa boti.

Maandalizi huanza na viza. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yanapaswa kuwasilishwa si chini ya siku 15 kabla ya kuondoka. Mwombaji hutakiwa pia kuwa na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000.

Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen, kwa mfano mwanafunzi aliyeko Ujerumani, huweza kuingia Italia kwa matembezi bila viza nyingine. Hali ni tofauti kwa anayeishi Uingereza. Kibali cha nchi hiyo hakimpi ruhusa ya kuingia Italia, na wapo wanaoligundua jambo hilo wakiwa tayari wamekwisha kulipia ndege.

Jambo la pili ni tarehe. Aprili 2024 Venice ilianza kuwatoza ada wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano, nyingi zikiwa za mwisho wa wiki kati ya Aprili na Julai. Mwaka 2025 ada hiyo ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema na euro 10 kwa aliyechelewa, na ilihusu walioingia kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10:00 jioni. Aliyekamatwa bila kulipa alikabiliwa na faini ya kati ya euro 50 na 300.

Wanaolala ndani ya mipaka ya manispaa husamehewa ada hiyo kwa kuwa hulipa kodi ya malazi. Hata hivyo, mgeni anapaswa kuuliza mapema kama anatakiwa kujiandikisha ili apate uthibitisho wa msamaha huo.

Majira nayo yana uzito wake. Julai na Agosti kuna joto kali na umati mkubwa. Kuanzia Oktoba hadi majira ya baridi, bahari inapojaa sana, maji huweza kuingia mitaani. Novemba 12, 2019 yalipanda hadi sentimeta 187 na kusababisha hasara kubwa. Tangu Oktoba 2020 milango ya chuma ya mradi uitwao MOSE imekuwa ikiinuliwa kuzuia bahari, lakini Uwanja wa Mtakatifu Marko uko chini kiasi kwamba huweza kulowa hata kwa maji ya wastani. Viatu visivyopitisha maji ni sehemu ya mzigo wa msimu huo.

Kuhusu malazi, vyumba vya Mestre, upande wa bara, kwa kawaida ni nafuu, na treni kutoka huko hufika kituo cha Santa Lucia kwa takriban dakika 10. Lakini anayelala Mestre hukosa saa mbili zilizo bora kuliko zote, yaani alfajiri na usiku, wakati wageni wa kutwa hawapo.

Uchaguzi wa chumba unawagusa wenyeji pia. Mwaka 1951 visiwa vya katikati ya mji vilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Agosti 2022 idadi hiyo ilishuka chini ya 50,000. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni nyumba za kuishi kugeuzwa kuwa za kukodisha watalii, hali inayopandisha kodi ya pango. Kwa sababu hiyo, hoteli ndogo au nyumba ya wageni yenye mwenyewe ndani ni chaguo linalowaumiza wenyeji kidogo zaidi.

Usafiri wa ndani hutegemea boti za abiria ziitwazo vaporetto, ambazo ndizo daladala za Venice. Mwaka 2025 tiketi ya dakika 75 iliuzwa euro 9.50 na ya saa 48 euro 35, hivyo anayepanda zaidi ya mara tatu hupata nafuu kwa tiketi ya pili. Boti namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote, mbele ya majumba ya matajiri wa kale. Kwa wengi hiyo inatosha, kwani gondola hugharimu euro 90 kwa nusu saa mchana.

Jumamosi yafaa ianze mapema katika soko la samaki la Rialto, kwa sababu Jumapili na Jumatatu halifunguliwi. Kutoka hapo msafiri avuke daraja la mawe lililokamilika mwaka 1591, kisha aende Jumba la Doge, walikotawala viongozi wa jamhuri hiyo hadi Napoleon alipoiangusha mwaka 1797. Tiketi ya jumba hilo na ya Kanisa la Mtakatifu Marko ni vyema zinunuliwe kwa intaneti kabla ya safari. Anayeingia kanisani afunike mabega na magoti. Asubuhi ya Jumapili kanisa hilo ni la ibada, na watalii husubiri hadi mchana.

Jumapili inaweza kutengwa kwa ajili ya kisiwa cha Murano, ambako mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe, kwa hofu ya moto. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki historia hiyo haiko mbali. Katika karne ya 19 shanga za kioo za Venice zilifika Zanzibar kwa merikebu, na misafara ikazipeleka bara hadi Ujiji, zikitumika kama fedha. Zile nyekundu zilijulikana kwa jina la samesame.

Aidha, mgeni azingatie sheria za mji. Kuogelea katika mifereji, kulisha njiwa na kuketi kula kwenye ngazi za Uwanja wa Mtakatifu Marko ni makosa yenye faini. Mtu aliyesimama katikati ya daraja jembamba kupiga picha huwafungia njia wanaokwenda kazini.

Kwa ujumla, ratiba ya siku mbili haipaswi kujazwa. Jumba moja, kanisa moja, soko moja na kisiwa kimoja vinatosha, na muda unaobaki utumike kutembea katika mitaa ya Cannaregio au Castello, ambako bado watoto hucheza mpira uwanjani jioni na majirani huitana madirishani.