Kisa Kwanza, Kisha Jiwe

Mtoto akipelekwa kutazama vitu vya kale pasipo kisa, huona vigae na mawe tu, akauliza tutarudi nyumbani saa ngapi. Akitanguliziwa kisa, maswali yake hayaishi.

Sisi wa pwani tuna ushahidi. Ngano ya kima na papa, aliyoichapisha Edward Steere huko London mwaka 1870, asili yake ni Bara Hindi. Waarabu nao waliisoma katika Kalila wa Dimna. Mama akiisimulia kabla ya kumpeleka mwanawe kuona vyombo vya Kichina vilivyomo Fort Jesus, mtoto hutambua kwamba visa na sahani vyote vilivuka bahari.

Familia zetu zilizoko Lodwar na Kakuma ziko mbali na Fort Jesus, lakini hazikukosa hazina. Kwenye njia ya Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo za mawe za Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe kwa sababu ya dhihaka. Wataalamu nao huzihusisha nguzo hizo na wafugaji wa kale walioishi kando ya Ziwa Turkana. Kakuma nako hupita mto Tarach, ambao bondeni mwake, kwa masimulizi ya wenyeji, vijana waliomfuata ng'ombe aliyepotea walimkuta bibi mmoja, Nayece, akichuma matunda ya mwitu.

Wapo wazazi wanaohofia visa kama hivi. Hofu yao ina haki, na dawa yake ni kubainisha: ngano ni ngano, itikadi ni itikadi. Tumwambie mtoto wazi kwamba uwezo wa kuumba na kugeuza ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, kisha tumuulize: dhihaka ina ubaya gani?

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Usiku, paukwa, pakawa. Kesho yake, mwonyesheni kitu kimoja tu, hata kigoda cha mzee wa Kiturkana, ambacho pia ni mto wa kulalia. Kisha yeye ndiye asimulie.

Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wamo akina mama waliokimbia wakaacha kila kitu isipokuwa visa vyao. Wasiposikilizwa leo, watoto wao watarithi nini? Mwenyezi Mungu atujaalie masikio.